Siku Baba Alipoifungua Sigaa ya Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa na sigaa moja, na kwa miaka yote tangu niolewe hapa Karungu sikuwahi kuiona ikiwashwa. Ilikuwa ya majani matupu, bila karatasi, unene wa kidole gumba. Alipewa na mgeni mmoja zamani alipokuwa mpishi katika hoteli ya watalii. Mgeni alimwambia ilikuwa imeshakaa miaka kumi, na kwamba akizidi kuitunza itazidi kuwa tamu. Mzee akaitunza ishirini mingine ndani ya mkebe wa majani ya chai, nyuma ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi na unyevunyevu. Mama mkwe ni Msabato wa kweli kweli. Aliruhusu mkebe ukae kwa sharti moja, kwamba kiberiti kisiusogelee.

Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha, na baba yangu amelima tumbaku tangu sijazaliwa. Mzee wa hapa alikuwa na jibu moja kila alipoulizwa wakwe zake wanalima nini. "Magugu," anasema, watu wanacheka, nami naendelea kupara samaki kwa hasira ambayo samaki mwenyewe hakustahili. Nilimpenda mzee yule, lakini neno hilo lilinichoma.

Basi Baba alipokuja rasmi kwa mara ya kwanza, nilikosa raha wiki nzima. Nilitaka kitu kimoja tu, arudi kwake akiwa ameheshimiwa. Nilimwambia avae koti. Akavaa koti, na juu yake akavaa koti la mvua, kwa usalama.

Chakula kilipokwisha, mzee akaleta mkebe.

"Mkwe, wewe ni mtu wa tumbaku," alisema. "Hii kitu nimeweka miaka ishirini. Niambie ukweli. Ni ya maana, ama yule mgeni alinicheza?"

Nilimwona Baba akipangusa mikono kwenye suruali. Maisha yake yote, karani wa kituo cha kununulia ndiye aliyemwambia tumbaku yake ni gredi gani. Karani anachomoa jani moja, analitupia jicho, anatamka, na mambo yameisha. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Baba yeye anaonaje.

Mzee akaanza kwa kutufundisha. "Wazungu wanaanza na sikio," alisema, akaiminya kidogo karibu na sikio lake. Akampa Baba naye asikilize. Baba akasikiliza kwa adabu zote.

"Imenyamaza," alisema.

Kisha akainusa. Akainusa muda mrefu sana, macho amefumba, hata nikadhani amesinzia. "Sukari guru," alisema mwishowe. "Ngozi ya ng'ombe. Na majani ya chai kwa mbali."

"Hayo ya chai ni mkebe, Baba," nilisema.

"Nyamaza, nyar Kuria," mzee alinikemea. Ndivyo anavyoniita kwa Kijaluo, binti wa Wakuria. "Mtu anafanya kazi yake."

Hapo Baba akaomba birika la maji ya moto. Mama mkwe alifurahi, akidhani mgeni ameamua kuachana na dhambi na kunywa chai. Kumbe Baba alitaka mvuke. Akaishika sigaa juu ya mdomo wa birika, akawa anaigeuza polepole. Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaninong'oneza kwamba hata kule hotelini hakuwahi kuona ufundi kama huo.

Nilipaswa kusema wakati ule. Kwetu hakuna anayepanga gredi ya kitu kilichofungwa. Jani likitoka kwenye bani, kibanda cha kukaushia, hulainishwa kwa mvuke lisivunjike, kisha hutandazwa gotini likaangaliwa mbele na nyuma, uti wake ukapapaswa. Kazi hiyo naijua tangu nina meno ya utoto. Lakini nilikuwa nautazama uso wa Baba, ulivyojaa furaha, nikasahau kabisa. Nilipofumbua mdomo, ukucha wake ulikuwa umeshapata ncha ya jani la juu.

Akaifungua. Jani la kwanza, la pili, mpaka miaka thelathini yote ikawa imetandazwa kwenye goti la suruali yake nzuri.

Mzee aliinuka. "Mkwe. Umefanya nini?"

"Nimefungua," Baba alijibu, akishangaa kweli. "Sasa gredi utajuaje na haujafungua?"

Mama mkwe alikuwa ameingia na vikombe. Aliangalia goti lile, akasema, "Bwana asifiwe."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilishaanza kutunga maneno ya kuomba msamaha, lakini Baba hakuwa nasi tena. Alikuwa ameinua jani moja la katikati, jeusi, lenye mafuta mafuta, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Jani kama hii," alisema taratibu, "karani ananirudishia. Kila mwaka. Ananiambia imeungua, peleka nyumbani." Akalinusa tena. "Na hawa wa sigaa wameficha katikati, penye utamu."

Akacheka. Alicheka mpaka macho yakalowa, na nilijua si kicheko peke yake. Nami nikalia, sina haja ya kuficha.

Mzee akaketi karibu naye, magoti yakagusana. "Gredi gani, mkwe?"

Baba alifunga vifungo vya koti, akakohoa kidogo. "Ya kwanza."

"Basi hakunicheza," mzee alisema, akashusha pumzi.

Waliisokota upya kwa gundi ya uji mzito niliokoroga mimi. Ilitoka imepinda, na tumbo upande mmoja. Wakaivutia mbali, nyuma ya zizi, wakipokezana. Ndipo nilipojua kwamba Baba hajawahi kuvuta tumbaku maishani mwake. Alikohoa hata kuku wakatawanyika.

Siku hizi Baba anapokuja huleta majani aliyorudishiwa, yale meusi, na mzee huyaweka nyuma ya mtungi. Mama mkwe ameongeza sharti la pili, ambalo hakuna anayelifuata. Juzi jirani alipita akauliza mgeni ni nani. Nikashika kisu cha samaki, nikingojea lile neno.

"Huyu ni mkwe wangu," mzee alisema. "Ndiye karani wetu wa tumbaku."

"Karani hapana," Baba akamkatiza. "Karani alikuwa anakosea."