Mstari Ambao Daktari Hakuujaza

Kwa miaka mingi kazi yangu hospitalini, hapa Ifakara, imekuwa kutunza mafaili ya madaktari. Nahakikisha kila mmoja ana cheti halali, usajili, na leseni ambayo haijaisha muda. Napiga simu vyuoni, nasubiri, napiga tena. Ni kazi ya kuchosha, na haina rafiki. Daktari akiniona mlangoni na faili mkononi, anakumbuka ghafla kwamba kuna mgonjwa anamsubiri.

Mwaka ule ukaja utaratibu mpya. Leseni peke yake haikutosha tena. Kila daktari alitakiwa ajaze fomu na kutaja, moja moja, kazi anazoomba kuruhusiwa kufanya hapa kwetu: kushona ngiri, kuunga mifupa, kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Kamati ingekaa, ipitie uthibitisho, kisha itoe idhini au ikatae. Mimi nilikuwa katibu wa kamati hiyo.

Madaktari vijana waliomba kila kitu. Mmoja aliweka alama hata kwenye upasuaji wa ubongo, ambao vifaa vyake hatuna.

Fomu ya mwisho ilikuwa ya daktari wetu mkongwe, mzee wa kutoka upande wa Mahenge. Watoto wengi wa Kibaoni wamepita mikononi mwake, mwanangu wa kwanza akiwemo. Alikuwa amejaza kila mstari wa kazi zake kwa mwandiko mzuri, isipokuwa ule wa upasuaji wa uzazi, upasuaji pekee aliokuwa akiufanya. Nikajua amepitiwa. Nikaichukua fomu, nikavuka uwanja mpaka ofisini kwake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mama. Karibu, kaa."

"Umeruka mstari mmoja."

Hakuitazama hata ile fomu. "Sikuruka," alisema.

Akavua miwani, akanieleza taratibu. Kabla ya masika alimpasua mama mmoja wa Mofu, aliyefika amechoka baada ya uchungu wa siku mbili. Katikati ya kazi, jicho la kulia likaingia ukungu. Alipokata, akakata na kibofu. Muuguzi ndiye aliyegundua. Wakakishona, na yule mama akapona, akarudi kwao na mtoto. Mzee aliandika yote kwenye faili la mgonjwa, na akamweleza mama mwenyewe. Hakuna aliyekuja kumuuliza neno.

"Kila mwaka mnaniuliza leseni," alisema. "Macho hamjawahi kuniuliza. Hii fomu ndiyo ya kwanza."

"Ungesema, Daktari."

"Ningesema, kina mama wangebaki na nani? Mwenzangu alikuwa masomoni. Sasa amerudi."

Kwenye kikao, mganga mfawidhi, mkuu wetu wa hospitali, alinitaka nimrudishie mzee fomu aujaze ule mstari. "Vijana bado hawajaiva, tutabaki na mpasuaji mmoja," alisema, "na mvua ndizo hizi. Zungumza naye. Wewe anakusikiliza."

Muuguzi mkuu alikuwa ameinamia meza. Ndiye aliyekiona kile kibofu. Nilihisi uchovu wa aina ambayo usingizi hauuondoi. Nilijua nikisema hapana, mzigo utamwelemea mtu mwingine, na lawama zitakuja kwangu.

"Mwenyewe hakuomba," nilisema. "Kamati haiwezi kumpa mtu idhini asiyoiomba."

Muuguzi mkuu akainua uso, akasema, "Katibu yuko sahihi." Nikaandika hivyo kwenye muhtasari, wakasaini.

Mzee akabaki na wagonjwa wa nje. Yule mwenzake akabeba upasuaji wa uzazi peke yake, akakonda tukimwona. Siku alipoanguka na malaria, ilibidi mama mmoja apelekwe hospitali nyingine kwa gari la wagonjwa, njia ya Sanje. Barabara ilikuwa mbaya. Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekwisha kufa.

Mtaani ikaenea kwamba watu wa ofisini ndio waliomfungia mzee mlango wa chumba cha upasuaji. Bibi wa yule mtoto, ambaye nasali naye kanisa moja, alinikuta sokoni nikichagua mchele.

"Huyo binti yangu, yule mzee ndiye aliyemtoa tumboni mwangu," alisema, bila kupandisha sauti. "Ni karatasi gani mliyoikosa kwake?"

Yaliyo kwenye faili la mtu hayatoki nje. Nilimwambia pole tu. Akanitazama kidogo, akaenda zake.

Kesho yake nilimweleza mzee. Alipotoka kazini alikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule bibi, akakaa nao msibani, akawaambia habari za jicho lake na za mama wa Mofu. Walimjibu nini, sikuuliza.

Jumapili nilichelewa misa. Viti vilikuwa vimejaa mpaka nyuma, nikasimama karibu na mlango, miguu ikiniuma. Yule bibi aligeuka, akaniona. Hakutabasamu. Alivuta kanga yake, akasogea, akaniachia nafasi nikakaa.