Sakafu Isiyong'aa

Sakafu ya karakana yetu ya useremala aliimwaga baba mwenyewe, mwaka tuliorudi kutoka Congo, kwa mchanga mweusi mwingi na saruji ya kubahatisha. Ndiyo maana inapukutika. Ukifagia, vumbi linaruka. Usipofagia, linaruka mtu akipita. Nilikuwa nimezoea kuishi nalo, hadi hoteli moja ya ufukweni iliponirudishia meza sita. Mwenye hoteli alipitisha kiganja juu ya vanishi iliyokaukia vumbi, akaniuliza kwa upole kama hiyo ni meza au msasa. Mimi hasira zangu ziko karibu. Nilirudi karakanani kwetu Rugerero nimefura, nikaapa kwamba sakafu ile itapata dawa mwezi huo huo.

Kumbe kila mtu ana maoni kuhusu sakafu ya mwenzake. Shangazi, aliyevuka mpaka kutoka Goma kuja kutusalimia, alisema nipake sire nyekundu, ile nta ya kung'arisha sakafu, kama ya sebuleni, nisugue mpaka watu wajione sura. Nilimwuliza kama amewahi kubeba mbao ya mita nne juu ya sire. Jirani yangu anayechomelea vyuma yeye alisema rangi ya kijivu, makopo mawili, basi. Wote wawili walisahau mistari.

Mistari ndiyo mali yetu. Baba hakuwahi kuchora kwenye karatasi. Kila kiti, kitanda na kabati alilobuni alilichora sakafuni kwa ukubwa wake kamili, akakwangua kwa tindo mpaka mistari ikashika. Ukitaka kutengeneza, unalaza mbao juu ya mchoro na kutia alama. Kiti cha mikono kiko karibu na mlango, kitanda cha maharusi katikati, kabati la vyombo limepanda juu ya miguu ya kitanda, na mgeni akiingia haoni kitu ila mikwaruzo. Baba mikono yake haishiki tena randa, lakini kila asubuhi anakuja, anasimama juu ya mchoro, tunamwekea kazi tuliyoifanya, naye anatuambia tumekosea wapi. Rangi ingeifunika mistari, na bila mistari baba asingekuwa na kazi tena. Kwa hiyo nilitaka dawa isiyo na rangi kabisa, inayoonyesha kila kitu.

Nilishuka mjini, kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi jirani na soko. Muuzaji alikulia Tanzania na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Hata bei anaitaja kama anakuomba radhi. Aliniwekea makopo mawili kaunta. Dawa ya kwanza hutanda juu ya saruji kama ngozi na inang'aa. Hata mafuta yakimwagika, unapangusa tu. Ya pili ilikuwa kama maji matupu. Hiyo, alisema, hunywewa na saruji, inaikaza kutoka ndani, na juu hakibaki kitu. Nikamwuliza kama kweli anataka nilipie kitu nisichokiona. Akacheka, akasema ndiyo, na akanishauri nijaribu zote mbili kwanza kwenye sehemu ndogo. Akanijazia vichupa viwili. Moyoni nilikuwa nimeshachagua ya kwanza. Napenda kitu kikipakwa, kionekane kimepakwa.

Nikasafisha sakafu vizuri. Ya kwanza niliipaka mara mbili juu ya kiti cha mlangoni, na ile ya maji nikaipaka kwenye kona ya kitanda cha maharusi. Kesho yake kiti kiling'aa ajabu. Mistari ilionekana kuliko siku zote, myeusi, kana kwamba baba amechora jana. Nilipiga picha nikamtumia shangazi. Halafu nikamsubiri baba anisifu, mtu mzima mimi.

Baba alifika, akavua viatu mlangoni. Kwa muda sasa alikuwa akiingia karakana peku, nasi tulidhani ni maringo ya mtu na sakafu yake. Wafanyakazi wangu wawili walikuwa wakimtania kwamba amefungua msikiti. Akapiga hatua mbili, akasimama juu ya kiti kinachong'aa. Akasogeza mguu kushoto, akasogeza kulia, taratibu, kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Kisha akapiga magoti na kupapasa.

"Mama," akaniita, kama anavyoniita tangu nikiwa mdogo, "kiti yangu iko wapi?"

Nikamwambia kiko hapo hapo, chini ya kiganja chake. Akaendelea kupapasa. Ile ngozi ilikuwa imejaza mifereji yote, na sakafu imekuwa laini kama sahani. Nikaanza kupandisha sauti: aangalie tu, si mistari hiyo inaonekana mpaka barabarani? Baba alijibu kwa sauti ya chini, akitazama upande ambao sikuwepo.

"Macho ilishaka kwenda. Mi naonaka na muguu."

Nikakaa chini kando yake. Alinieleza kwamba ni zaidi ya mwaka sasa. Anaona mwanga wa mlango na vivuli vya watu, zaidi ya hapo hakuna. Daktari alishamwambia macho hayatarudi. Hakunieleza kwa sababu alijua nitamkalisha nyumbani na redio, na alinijua vizuri, ndivyo ningefanya. Mwaka huo wote nilikuwa nikimwonyesha michoro yangu mipya kwenye simu. Anaishika, anasema "bon, iko muzuri," anairudisha. Mimi nilidhani anaidharau kazi yangu, na nilimnunia, tena si mara moja. Nililia pale sakafuni, mbele ya wafanyakazi.

Yeye hakulia. Alitaka kujua kama dukani kuna dawa nyingine. Nikamshika mkono mpaka kwenye kona ya kitanda. Vidole vyake vilifuata mstari, vikakunja kona, vikarudi, naye akasema kitanda kipo, tena aliyekichora alikuwa fundi. Nikasugua mahali pale kwa kitambaa cheusi, kikatoka cheusi vile vile, bila vumbi. Uamuzi ukawa umekwisha. Siku hizi ukiingia kwetu utadhani hatujapaka kitu, na mwenye hoteli alipokuja kuchukua meza zake, laini safari hii, aliniuliza sakafu nitaipaka lini.

Lakini kabla ya kuipaka kulikuwa na kazi. Kuitoa ile ngozi juu ya kiti kulituchukua siku mbili za tina ya kuyeyushia rangi na brashi ya waya, baba ameketi kwenye kigoda akituambia tulipopasahau. Kisha, kwenye nafasi tupu karibu na dirisha, nilichukua tindo na nyundo nikachora kiti changu, kile kilichokuwa kimelala kwenye simu mwaka mzima. Nilikichora kwa ukubwa wake na nikachimba mistari sana. Wafanyakazi walisema nusu ya kina hicho inatosha. Sikuwasikiliza.

Baba akaja peku mpaka dirishani. Alianza na mguu wa mbele wa kiti, akafuata ubao wa kukalia, akapanda na mgongo, akarudi, akapanda tena. Nilimfuata kando, tindo mkononi.

"Mugongo imesimama sana," akasema. "Mutu ataumia."

Nikamwuliza mgongo huo ulale mpaka wapi. Akasogeza mguu mbele kidogo, akaukita hapo. Nikapiga magoti, nikamwambia asiuondoe, nikachonga mstari mpya kando ya kidole chake gumba.