Mume Anayeonja kwa Pua

Saa tano asubuhi. Mpishi anayelisha mafundi wa gereji nzima anatoka jikoni mbiombio na sufuria ya mchuzi. Hapeleki kwa wateja. Anasukuma pazia, anaingia chumbani na kuisogeza sufuria mbele ya pua ya mumewe.

Mume ameegemezwa kwenye mito. Tundu moja la pua limepitishwa mpira mwembamba wa kulishia, umebandikwa shavuni kwa plasta. Kwa tundu lililobaki anavuta harufu, anafumba macho kama hakimu, kisha anageuza kidole gumba chini.

"Chumvi!" mpishi anang'aka, akimgeukia mwandishi wa habari hii. "Unamwona? Kula hali, lakini kasoro haimpiti!"

Kabla ya kiharusi kumpooza upande mmoja na kumnyang'anya sauti, huyu bwana ndiye aliyekuwa muonjaji wa jiko hili. Hakuna sufuria iliyotoka bila yeye kuchovya kijiko na kulalamika. Mpishi anasema ndoa yao haijawahi kuwa na ugomvi mwingine wa maana zaidi ya chumvi.

Hospitalini daktari hakumung'unya maneno. Koo limelegea, kila kijiko cha uji kinaelekea mapafuni. Awekwe mpira, la sivyo atazidi kudhoofu na huenda wakampoteza.

Shemeji wa mpishi, mdogo wa mgonjwa, akaja juu. "Mtu mzima ajazwe chakula kama tangi la mafuta? Kaka yangu? Thubutu!" Kisogo cha daktari kilipogeuka tu, akachomoa chupa ya uji kwenye koti na kumnywesha kaka yake. Mgonjwa akapaliwa, midomo ikabadilika rangi, wauguzi wakaja mbio. Shemeji alikutwa baadaye nyuma ya jengo, analia kama mtoto.

Uamuzi ukabaki kwa mpishi.

"Nilimuuliza daktari, je, ataonja? Akaniambia hapana, chakula hakitapita mdomoni. Mtu ambaye raha yake yote ni kuonja! Niliogopa nitamweka hai halafu anichukie."

Akamwinamia mumewe. "Baba watoto, tuweke mpira? Kama unakubali, nifinye mkono." Alifinywa mpaka pete ikamuuma.

Waliporudi nyumbani, balaa. Mtaalamu wa lishe alikuwa amemwelekeza vizuri: viazi, maharage na mafuta kidogo, visagwe kwenye blenda, vichujwe, na mpira usafishwe kwa maji kila mara. Mpishi akaonja. Akatema.

"Nimpe mume wangu kitu ambacho hata mteja anayenikera nisingempa? Haiwezekani!"

Akaunga kwa vitunguu vya kukaanga, akanyunyiza pilipili manga, na kwa furaha akasahau kuchuja. Mpira ukaziba kabisa. Muuguzi anayewatembelea alilazimika kuweka mwingine.

"Mama, mpira hauna ulimi!" akafoka.

"Mimi ninao, sista."

"Basi hivyo viungo vyako ipe pua, mpira upe kilichochujwa!"

Muuguzi alisema kwa hasira tu. Mpishi akalichukua kama agizo. Tangu siku hiyo, kila sufuria hupita kwanza puani, ndipo chakula laini kinapoteremshwa polepole kwenye mpira. Mashavu ya mgonjwa yameanza kurudi.

Anayeshika bomba la sindano la kusukumia chakula siku hizi ni shemeji yuleyule, na hataki kusaidiwa. "Tangi limejaa, kaka?" anauliza. Kaka anamtolea jicho, halafu mdomo unampinda kwa kicheko.

Mwandishi anamnong'oneza mpishi kwamba chumvi haina harufu.

"Kwani sijui?" anaangua kicheko. "Na yeye anajua! Analalamika tu, ndivyo alivyo. Angeacha, ningemkimbiza hospitali."

Wiki ijayo mgonjwa atapimwa tena kumeza. Akifaulu, ataruhusiwa kijiko kimoja cha mchuzi, na mpishi ameshachagua sufuria.

Na akisema chumvi imezidi?

Mpishi anajifuta macho kwa aproni.

"Aseme. Mimi nataka nimsikie akisema."