Mguu Kwenye Tepu ya Merridays

Katika picha ya gazeti ya mwaka 1964, kiwiko cha mjomba wangu Selwyn kinaonekana vizuri. Mbele wamesimama waimbaji wanne wa kundi la Merridays, wavulana wawili na wasichana wawili, wamevaa nguo nyeupe na wanacheka. Nyuma yao, ukingoni kabisa mwa picha, kuna shingo ya besi kubwa la mti, lile la kupigwa wima, na mkono uliokunjwa. Sehemu nyingine yote ya mjomba iliachwa nje na mpiga picha. Mkewe, Doreen, aliitia picha ile kwenye fremu akaitundika juu ya redio, na mgeni akiingia kwao alionyeshwa kiwiko kabla ya kuulizwa kama anatia sukari kwenye chai.

Selwyn Haworth alizaliwa Bacup, mji mdogo wa bondeni kaskazini mwa Uingereza, na hakuwahi kuhama. Tangu alipokuwa na miaka kumi na mitano hadi kustaafu, alisimama mbele ya mashine ya kukatia katika kiwanda cha sapatu, viatu laini vya kuvaa nyumbani, kule Waterfoot, akikata vitambaa vya manyoya ili wanawake wa meza ya pili wavishone. Ukimpa mkono ulihisi vinyweleo vya manyoya vimemganda kiganjani. Jioni na Jumamosi alikuwa mtu wa muziki, kama nusu ya wanaume wa bonde lile. Baba yake alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya mtaa, naye Selwyn alianzia humo, akipuliza lile tarumbeta kubwa la sauti nzito, kisha akahamia kwenye besi la mti kwa sababu kumbi za dansi zilikuwa na wasichana na bendi ya baba yake haikuwa nao.

Namna alivyoingia kwa Merridays ni jambo dogo. Wale wanne walikuwa wanaimba tu, hawapigi chombo chochote, kwa hiyo walisafiri na wapigaji wa kuwasindikiza. Walipokuja kaskazini, mpiga besi wao alivunjika kidole kwenye mlango wa gari. Mtu akamtaja Selwyn. Akaomba ruhusa kiwandani, akazunguka nao wiki kumi na moja, amesimama gizani huku taa zote zikiwaangukia wenzake. Katika wiki hizo kumi na moja kulikuwa na siku moja ya London, siku ya kurekodi. Kidole cha mwenzake kilipopona, Selwyn alirudi kwenye manyoya yake.

Mwezi mmoja baadaye, saa nne asubuhi, vipaza sauti vya kiwandani vilipiga wimbo mpya wa Merridays, "Dirisha la Juu". Mjomba alisimamisha mashine. Wanawake wa meza ya pili wakadhani amejikata.

"Huyo ni mimi," alisema.

"Nani? Anayeimba?"

"Hapana. Hapo chini. Sikiliza chini."

Wimbo ule ulipanda mpaka nambari moja nchini kote ukakaa huko wiki tano, na tangu siku hiyo Selwyn hakuachwa apumue. Wenzake walimtania miaka yote.

"Selwyn bwana, hao Merridays wako hawajakuletea hata kadi ya Krismasi?"

"Watamletea nani? Nilikuwa nyuma yao, hawaijui sura yangu."

Walicheka, lakini walimwamini. Doreen alimwamini zaidi ya wote. Walikuwa wamechumbiana mwaka uleule, na nadhani alipokubali kuolewa alikubali pia lile besi la kwenye redio.

Mwaka 2003 ikaja barua. Kampuni moja ya rekodi ilikuwa inataka kutoa upya nyimbo zote za Merridays, pamoja na kijitabu chenye jina la kila mtu aliyepiga, maana zamani majina ya wasindikizaji hayakuandikwa popote. Tatizo, barua ilisema, ni kwamba besi la "Dirisha la Juu" linadaiwa na watu wawili. Bwana Desmond Fairlie wa London anasema alilipiga yeye, peke yake, kwa gitaa la besi la umeme, na kwamba maikrofoni ya besi la mti ilikuwa imezimwa. Je, Bwana Haworth anaweza kufika Manchester kusikiliza tepu ya awali?

Mjomba alisoma barua akiwa amesimama. Akakaa, akaisoma tena.

"Desmond yupi?" Doreen aliuliza.

"Kulikuwa na kijana kando yangu. Tulipiga pamoja."

"Pamoja? Hujawahi kuniambia kulikuwa na pamoja."

"Hukuniuliza."

"Nikuulizeje kitu nisichokijua, Selwyn?"

Ndipo akatueleza, mimi na Doreen, kwa shida, kama mtu anayetafuta ufunguo katika koti alilolivua zamani. Siku hizo mabwana wa studio walipenda kuweka mabesi mawili yapige noti zilezile kwa wakati mmoja. La mti lilitoa unene, la umeme lilitoa ncha. Yakiungana, msikilizaji anasikia besi moja tu. Waimbaji hawakuwepo studio siku ile. Nyimbo hazikuwa na majina, zilikuwa na nambari. Walipiga nambari nne kwa saa tatu, wakavaa makoti, wakaondoka.

"Sasa ulijuaje kwamba 'Dirisha la Juu' ilikuwa mojawapo?" nilimuuliza.

"Niliisikia kiwandani," alisema.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Mkono wake uliupiga wimbo ule mara tatu au nne, asubuhi moja. Sikio lake liliusikia kwa miaka thelathini na tisa. Huenda kumbukumbu ya sikio iliimeza ile ya mkono zamani sana, na sisi wote tukaendelea kusalimiana na sikio tukidhani ni mkono.

Nilimpeleka Manchester kwa gari langu. Alivaa suti ya mazishi na sapatu hakuvaa, jambo lililokuwa nadra. Desmond Fairlie alikuwa amefika kabla yetu, mzee mfupi mwenye skafu ya hariri.

"Wewe ndiye yule wa besi la mti?" aliuliza.

"Ndiye mimi."

"Nakukumbuka mrefu zaidi."

"Nilikuwa mwembamba tu. Na wewe ulikuwa na nywele."

"Nilikuwa nazo, bwana. Mungu ni shahidi."

Wakacheka, wakapeana mikono, na nikaona kwamba hakuna aliyekuja kwa ugomvi. Kila mmoja alikuja kuchukua kitu alichokuwa na hakika ni chake.

Binti wa kampuni, Philippa, alitukaribisha tuketi, na fundi wa studio akatueleza kwamba tepu ina njia nne, kila moja na sauti zake zilizorekodiwa kando, na besi limekaa katika njia ya tatu. Akazizima njia nyingine zote. Besi likatoka peke yake, bila waimbaji, bila ngoma, likitembea uchi chumbani. Lilikuwa zito na lenye ncha. Niliwatazama wale wazee. Wote wawili waliinama mbele, na wote wawili, baada ya dakika, walianza kukunja uso.

"Ni mimi huyo," alisema Desmond. Halafu akasema, "Nadhani."

"Ni sisi," alisema mjomba. "Au ni yeye. Rudisha."

Fundi akarudisha. Mara ya tatu ndipo niliposikia, chini ya besi, kitu kama mlango unaobishwa mbali. Tu, tu, tu, tu.

"Hicho ni nini?" nikauliza.

"Mguu," alisema fundi. "Kuna mtu anagonga mguu sakafuni. Na huu mguu una maana. Gitaa la umeme liliingia kwenye mashine kwa waya, na waya hausikii miguu. Kwa hiyo katika njia hii kuna maikrofoni iliyokuwa wazi. Sasa, kama mguu ni wako, Bwana Haworth, maikrofoni ilikuwa mbele yako, na besi lako limo. Kama si wako, inaweza kuwa maikrofoni ya mtu yeyote, ya ngoma, ya piano, na wewe siwezi kukuweka humu."

Philippa aligeuka kwa mjomba akitabasamu. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Neno moja tu.

"Si wangu," alisema Selwyn.

"Mjomba, ngoja kwanza," nilisema.

"Si wangu, Janice. Mimi sigongi mguu." Akamgeukia Philippa, maana yeye hakuwa wa kwetu. "Katika bendi yetu mtu hagongi mguu. Baba alikuwa akizunguka nyuma ya viti na fimbo yake wakati wa mazoezi. Akiona mguu unacheza, anaupiga hapa, kwenye kifundo. Alisema mgonga mguu ni mtu asiyejua kuhesabu. Tulihesabu kwa kidole gumba cha mguu, ndani ya kiatu, kisionekane. Nimewafundisha watoto wa bendi hivyo hivyo miaka thelathini."

"Basi ni wa Bwana Fairlie," alisema Philippa.

Desmond alionekana kuwa na aibu. "Mimi nilikaa kwenye kigoda kirefu," alisema. "Miguu haikufika chini. Mniwie radhi, lakini mnaniona."

"Sasa mguu wa nani?"

Fundi alirudisha tepu tena bila kuambiwa, na tukausikiliza ule mguu sote watano. Haukuwa na wasiwasi wowote. Uligonga vizuri kabisa, bila kuchelewa.

Philippa aliwapa kila mmoja fomu. Iliandikwa: *Nathibitisha kwamba nilipiga besi katika wimbo huu.* Alitaka zirudi kabla ya Jumatano ya wiki iliyofuata, kijitabu kinakwenda kuchapwa. Desmond alisaini palepale, lakini niliona kalamu ilisimama kidogo kabla ya kuanza. Mjomba alikunja yake akaitia mfukoni.

Doreen alitusubiri jikoni, anakoroga sufuria ya njegere nyeusi, chupa ya siki iko tayari mezani. Tulimsimulia. Aliacha kukoroga.

"Ulisema si wako?"

"Si wangu, Doreen."

"Umejuaje?"

"Sijawahi kugonga mguu maishani."

"Ulikuwa na miaka ishirini na sita, uko London, baba yako yuko Bacup maili mia mbili, na hutaki kuniambia hata mguu mmoja ulikuponyoka?" Akaweka mwiko chini. "Miaka thelathini na tisa nimelala na besi la 'Dirisha la Juu'. Leo unataka kuniambia nimelala na nani?"

"Ndicho ninachokitafuta," alisema mjomba, na sidhani alikuwa anatania.

Jumamosi mchana alinichukua hadi chini ya kanisa, ambako bendi huweka vyombo vyake. Aliliegemeza besi la mti begani akaanza kupiga "Dirisha la Juu". Mkono uliijua njia yote. Kisha akajaribu kuipiga huku akigonga mguu. Mguu ulipogonga, mkono ulisimama. Mkono ulipoendelea, mguu ulining'inia hewani kama wa kuku. Alijaribu polepole. Alijaribu akiwa amefumba macho. Alivua viatu, nikaona kidole gumba kikihesabu ndani ya soksi, juu chini, juu chini, bila kosa lolote.

"Unaona?" alisema, akihema. "Siwezi."

"Leo huwezi, mjomba. Hiyo haisemi kitu kuhusu siku ile."

"Ndiyo." Akakaa juu ya sanduku la ngoma. "Kama sikugonga, mimi ni mtoto wa baba yangu na sikuwemo katika wimbo. Kama niligonga, nimo, na nimewadanganya watoto wa watu kila Jumamosi." Alilitazama besi. "Tabu ni kwamba nilikuwa na furaha siku ile. Hilo nalikumbuka. Mtu akiwa na furaha, mguu wake unafanya nini? Nani huutazama?"

Nilitamani aseme ndiyo, asaini, tukale. Wakati huohuo niliogopa kwamba angesema ndiyo kwa ajili ya Doreen, nami ningebaki kumtazama maisha yake yote nikijiuliza.

Jumapili, baada ya ibada, alisaini fomu kwenye meza ya jikoni. Chini ya jina lake aliandika kwa herufi kubwa za kiwandani, zile za kuandikia maboksi: *BESI, LABDA MIMI. MGUU, LABDA MIMI.* Doreen alisoma begani kwake.

"Hiyo nayo ni nini? Ukweli au uongo?"

"Ndiyo yote niliyo nayo."

Mjomba akaifunga bahasha mwenyewe, akaenda kuitia kwenye sanduku la posta mwisho wa mtaa, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kutia barua.

Kijitabu kilifika mwezi wa Machi. Nilikuwepo. Doreen alikipasua karatasi, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa mpaka akafika. Kwenye "Dirisha la Juu" kulikuwa na mstari mmoja kwa maandishi madogo: besi, Selwyn Haworth na Desmond Fairlie. Alipiga ukelele, akambusu mumewe utosini, akatoka mbio na kijitabu kwenda kwa jirani bila hata kuvaa koti. Alirudi, akakiweka mezani, akatoka tena kuwaita wengine.

Mjomba alikivuta karibu. Alisoma ule mstari. Akageuza ukurasa kuona kama kuna kingine, akarudi. Hakikuwemo chochote kuhusu mguu, wala neno labda.

"Wamejuaje?" alisema.

"Si uliwaandikia mwenyewe?"

"Mimi niliwaandikia labda." Alinitazama, akiwa ameweka kidole juu ya jina lake asilipoteze. Nje Doreen alikuwa anaelekeza watu ukurasa kwa sauti. "Wewe umesoma, Janice. Hebu niambie. Wamejuaje?"