Jiko la Miguu Minne na Mafiga ya Kukhu

Siku jiko la chuma lilipoingia nyumbani kwetu Nkoma, tulikuwa sita: baba yangu Mudoma, mama yangu Khainza, Kukhu Nambozo, yaani bibi yetu, mama yake baba, shangazi Nandutu, dada yake baba, ambaye mdomo wake haukujua kufungwa, Onyango, dereva Mkenya, jirani yetu, na mimi Nelima, kibogoyo wa meno ya mbele.

Enzi zetu, wenzangu mnajua, kupika kulikuwa kulia. Mafiga matatu, kuni mbichi, na macho mekundu kama ya wafiwa. Matoke yakiiva kwenye majani, malewa, yale machipukizi ya mianzi, yakichemka na karanga, harufu tamu, lakini moshi! Mama ukamshika kifua. Akikohoa, alikuwa anashika ukuta. Daktari akamwambia baba, "Mtoe kwenye moshi, la sivyo utamzika."

Basi baba akanichukua, tukapanda treni mpaka Jinja, kwa fundi mmoja Kalasinga pale Nalufenya. Mama alinipa kamba. Alikuwa ameizungusha kwenye sufuria yake kubwa, akapiga fundo. "Jiko lisilolingana na fundo hili, baba yako asilibebe." Lo, nilivyojiona mkubwa! Baba alipenda moja linalong'aa, akaligonga gonga kwa vidole kama anayenunua chungu. Nikazungusha kamba kwenye tundu: sufuria ingetumbukia. La pili, jeusi, baya la sura, lenye kimlango cha kuokea, fundo likakaa sawasawa. Fundi akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Mama yako iko fundi kabisa, kushinda mimi!"

Tulirudi nalo kwa treni. Mimi nilikumbatia bomba la moshi njia nzima, nimekuwa masizi kabla halijawashwa.

Tunafika nyumbani, Kukhu ameketi jikoni juu ya figa lake, miguu ameinyoosha. Kwetu mafiga huwekwa na mama mkwe siku bibi harusi anapoingia. Hakuna mkono mwingine unaoyagusa.

"Haya niliyaweka mimi," akasema. "Mkiyang'oa, mmening'oa na mimi. Kesho nakwenda kwa kaka yangu."

Baba akaangalia chini. Mwanamume aliyebishana na makarani wa treni juu ya nauli ya jiko, mbele ya mama yake akawa anakuna kisogo. Onyango alikuwa keshapanda juu kutoboa bati, akauliza kwa sauti, "Bwana Mudoma, nitoboe au nishuke?"

"Kaa hapo hapo, wewe kunguru," shangazi akamjibu.

Mama akakohoa, akashika ukuta. Kisha akapiga magoti mbele ya Kukhu. "Mama, jiko hili lina miguu minne. Mafiga yako ni matatu. Litasimama wapi, usiponiwekea la nne?"

Kukhu akalitazama lile jiko, akahesabu miguu yake kwa kidole, mmoja mmoja. "Chuma kizima," akasema, "na hakina hata pa kukanyaga."

Akainuka! Akaenda nyuma ya nyumba, mimi nyuma yake nikirukaruka. Mawe akayakataa: hili lina ufa, hili mviringo, hili lina sura ya mlevi. Alilolikubali akalibeba mwenyewe. Akayasogeza matatu kwa mikono yake, la nne akaliweka mbele ya mama. Jiko likapanda juu yake kama malkia.

Moto ulipowashwa, tukakimbia nje sote. Moshi ukatoka juu ya bati! Kukhu akapiga vigelegele. "Nyumba yangu inavuta kiko!" Jioni hiyo mama alisonga ugali bila kushika ukuta.

Wajukuu zangu leo wanageuza kitufe, moto huo. Wanangoja chipsi ziletwe mlangoni, na bado wananiambia wamechoka! Gesi yao haina mtu aliyeichagulia jiwe. Jiko lililiwa na kutu zamani, lakini figa la nne liko mlangoni kwangu, naliketia nikichambua mboga.

Mlioishi Nkoma siku zile, kama bati lilitobolewa na mwingine na si Onyango, nisahihisheni, uzee huu. Kama fundi hakuwa na ndevu, semeni. Ila jiwe la nne aliliweka Kukhu Nambozo, na mama yangu akaishi hadi akaja kumwekea mke wa mdogo wangu, aliyezaliwa baadaye, mafiga yake. Hayo msinibishie.