Mbavu za Jumatatu

Saa nane mchana, Alhamisi. Sufuria la mwisho limeoshwa na kufunikwa, na jiko la shule hii ya msingi limebaki na harufu ya sabuni na maharage. Wanafunzi wameshatoka mbio kwenda mapumziko ya siku nne. Mpishi wao, wanayemwita Mama Upawa, bado yupo. Ameshika kalamu na jalada la daftari kuukuu, anakuna kichwa.

Anapanga vyakula vya kuchoma vya jioni nne. Walaji ni saba: yeye, binti yake na mumewe, wajukuu watatu, na kitindamimba wake, fundi umeme wa miaka ishirini na sita. Bajeti ni elfu arobaini, na haiongezeki hata ukiibembeleza.

"Hapa nalisha watoto mia nne na ishirini kila siku, sishtuki," anamwambia mwandishi aliyemtembelea. "Hawa saba ndio wananitoa jasho."

Ana sababu. Alfajiri ya Jumanne kitindamimba anasafiri kwenda kazi ya mkataba nje ya nchi, miaka miwili bila likizo. Mama anataka alale nyumbani mpaka usiku wa mwisho, na kijana mwenyewe si mtu wa kutulia.

Mapumziko ya mwaka jana mama aliyaharibu kwa mikono yake mwenyewe. Kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, aliikata nyama vipande vidogo kama kidole gumba, vile anavyokata ili kila mwanafunzi apate japo viwili. Kwenye sufuria hakuna shida. Kwenye wavu wa jiko la mkaa, vilidondoka kimoja baada ya kingine.

"Tulikula kwa kuokoteza!" anasema, akicheka mpaka machozi. "Mkwe wangu ananiuliza, 'Mama, hii nyama au kaa la moto?'"

Ikabidi wachome nyingine kufidia, na kufika Jumamosi usiku jokofu lilikuwa tupu. Jumapili asubuhi kila mtu akakumbuka shughuli zake. Kitindamimba ndiye aliyetangulia kubeba begi. Jioni ile mama alikunywa chai na mkate peke yake, na anakiri kwamba alilia.

Mwaka huu kajipanga. Ijumaa ni mabawa ya kuku. Jumamosi ni viazi, mahindi na vitunguu. Jumapili ni nyama ya shingo, ngumu lakini bei yake haiumi. Ataipaka papai bichi lililosagwa ilainike kabla ya kuichoma. Jumatatu ni mbavu, ambazo zimekula nusu ya bajeti. Makaa yatakayobaki kila jioni atayafukia kwa mchanga yazime, kesho yake yawake tena.

Simu inaita. Ni kitindamimba; mama anaweka spika.

"Shikamoo, mama. Jumatatu nitaondoka hapo nyumbani mchana. Rafiki zangu wanataka kuniaga."

Kalamu ya Mama Upawa imesimama juu ya jalada, na uso umemshuka. Mwandishi anajifanya kutazama masufuria.

"Wako wangapi hao?" anauliza.

"Wanne."

"Waambie wakuagie hapa. Moto ninao."

"Mama, hao wanakula hao! Utawaweza?"

"Nimekuuliza wanakula kiasi gani?"

Kijana anacheka. Kisha anasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Basi nakaa, mama."

Mama anakata simu, anafuta saba ya Jumatatu na kuandika kumi na moja. Mbavu hazitoshi. Anaihamisha nyama ya shingo iende kuziongezea nguvu, na Jumapili inageuka kuwa ya viazi.

"Viazi siku mbili mfululizo. Atakayenuna na anune," anasema, akikunja jalada na kulitia kwenye mkoba.

Na yeye mwenyewe, mbavu zitamfikia?

"Mimi wala sizihitaji," anasema. "Nitakaa mbele yake, nimwangalie anavyokula mpaka nishibe. Miaka miwili ni mingi."