Miezi Mitatu Bila Jina

Nakumbuka Jumapili moja, ya kwanza katika mwaka, nilipotoka kanisani katikati ya ibada nikiwa na mtoto mgongoni, nikamwacha mume wangu amesimama mbele ya watu. Sijawahi kuiandika habari hii. Mume wangu alipokuwa hai hatukuizungumza sana. Mwezi wa kumi na moja uliopita tulimzika, kwa hiyo anayeijua yote nimebaki mimi. Nakuandikia, mwanangu, ingawa sikukuzaa mimi, kwa sababu mwaka umeanza, na najua wako wengi kama wewe waliozima simu ili wasizione zile salamu za heri. Siwalaumu. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Lakini heri ya mwaka mpya huanzwa na wa mbali, wakati mfiwa hajamaliza kufua nguo za marehemu.

Niliolewa katika kijiji cha Sapiwi nikiwa binti mdogo. Masanja, mume wangu, alikuwa na ng'ombe wanne wa kulimia na kipande cha shamba la pamba, na alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Mtoto wetu wa kwanza tulimwita Limi, maana yake jua. Aliishi mwaka mmoja na nusu, akafa kwa surua. Wa pili alikuwa wa kiume, alizaliwa mvua ikinyesha, tukamwita Mabula. Degedege lilimchukua akiwa na miezi saba. Watu walikuja msibani wakatuambia baada ya dhiki faraja. Sisi baada ya dhiki tuliona dhiki nyingine. Mwaka uleule mvua ilikatika pamba ikiwa haijafika magotini, ng'ombe wawili wakafa, nasi tukala michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, asubuhi na jioni, mpaka harufu yake ikanikaa kwenye nywele.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa wa mwaka uliofuata nikajifungua mtoto wa tatu, wa kike. Kwa desturi yetu jina hutoka upande wa baba. Siku ya nne Masanja alikuja akaketi karibu na kitanda.

"Nimefikiria jina," akasema.

"Usilitaje."

"Hujalisikia hata."

"Sitaki kulisikia. Tusubiri."

"Tusubiri nini?"

Masanja hakunilazimisha. Tangu hapo mtoto yule nilimwita "huyu". Huyu amelala. Huyu amelowa. Sikumvika shanga kiunoni kama watoto wengine, wala sikumwimbia. Nilimnyonyesha, nikamwogesha, nikamfunika, basi. Kisimani wenzangu waliuliza jina nikasema bado. Mmoja akanitania, "Mama Limi, huyo anasubiri cheti cha serikali?" Wakacheka. Nikawaambia wasiniite tena Mama Limi, nao wakaacha kucheka.

Nitakueleza kilichokuwa moyoni mwangu, ingawa ni cha aibu. Niliamini kwamba Mungu aliwaita Limi na Mabula kwa sababu alijua majina yao. Nikadhani asiyetajwa haitwi. Kanisani nilikwenda kila Jumapili, nikaimba kwaya, nikapiga makofi pamoja na wengine. Aliyeniona alidhani nimepona. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nikiyaficha maradhi yangu ndani ya wimbo.

Basi ikafika Jumapili hiyo. Kanisani kwetu, Jumapili ya kwanza ya mwaka, watoto wote waliozaliwa mwaka uliopita hupelekwa mbele waombewe, waanze mwaka wakiwa mkononi mwa Mungu. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Lakini bibi mmoja aitwaye Kabula, mzee wa kina mama, alikuja akanishika mkono mbele ya watu wote, na mkono wa bibi yule ulikuwa umeshika jembe miaka hamsini. Nikasimama kwenye mstari na kina mama wengine wanne. Mwinjilisti alikuwa akimpokea kila mtoto, anauliza jina, analitaja kwa sauti, anaomba. Akafika kwangu.

"Huyu anaitwa nani?"

"Hana."

"Hana nini?"

"Hana jina."

Kwenye benchi la wasichana mmoja akacheka, mwenzake akamfinya. Mwinjilisti akauliza mtoto ana umri gani. Nikasema miezi mitatu. Nikatazama sakafu. Ndipo nikasikia benchi likisogea upande wa wanaume.

"Anaitwa Minza," akasema Masanja.

Minza lilikuwa jina la mama yake, aliyefariki kabla sijaolewa.

"Umempa jina hilo lini?" mwinjilisti akauliza.

"Tangu alipozaliwa. Mama yake akienda kuchota maji, mimi namwita hivyo."

Mwanangu, kilichonipata si huruma. Kilikuwa hasira. Niliona kama nimejenga boma la miiba miezi mitatu na mtu wa nyumbani ananitobolea tundu kila siku. Nikamchukua mtoto mikononi mwa mwinjilisti, nikamfunga mgongoni, nikatoka. Masanja alikuwa bado amesimama.

Nje jua lilikuwa linawaka juu ya matope. Unaujua udongo wetu mweusi, ukilowa haumwachi mtu aende kwa haraka. Nilikuwa nimefika kwenye pamba nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Ni Kabula, viatu mkononi.

"Simama, Mama Limi! Unataka kuniua kwa mbio?"

"Usiniite hivyo."

"Nikuiteje sasa? Mama Huyu?"

Nikasimama. Akafika, akaweka mkono kiunoni, akapumua kwanza.

"Unakimbia nini, mayu? Jina halina meno." Mayu ni mama, ndivyo wanawake wa kwetu wanavyoitana, hata mkubwa kwa mdogo.

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, kwa kuwa hata Masanja sikumwambia. Nikasema, "Nikimtaja, atasikia."

"Nani?"

"Mungu."

Bibi Kabula akanitazama, kisha akamtazama mtoto mgongoni mwangu, mguu wake mmoja umetokeza nje. "Kwa hiyo unamficha asionwe na aliyemuumba. Na umemficha wapi? Kwenye kanga?"

Akaendelea, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. "Unamfanya Mungu fisi, wewe. Unamficha mtoto kama ndama. Na kwa kumficha hivyo umemzika angali ananyonya. Mimi nimezika watano. Mashija, Holo, Kulwa, Doto, na wa mwisho Sundi. Nikiomba nawataja hao kwanza, walio hai wanafuata. Wewe hao wawili wako uliwataja lini?"

"Na Mungu anakujibu nini?" nikamuuliza, na niliuliza kwa kejeli.

"Hajanijibu," akasema. "Lakini hajaniambia ninyamaze."

Kisha akasema kama nina ugomvi na Mungu nimwambie yeye, nisimwadhibu mtoto. Nami nikasema. Nilisimama pale kwenye pamba nikayasema yote kwa sauti, mengine siwezi kuyaandika hapa. Nikamtaja Limi. Nikamtaja Mabula. Nikamwambia Mungu kwamba alivyonitendea, jirani akimtendea jirani, wazee wangekaa kikao. Kabula hakuziba masikio wala hakunikemea. Alikaa juu ya tuta akajifuta matope, akavaa viatu vyake taratibu.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Endelea basi. Hata kule ndani ibada haijaisha."

Nilipokwisha, aliinuka akaenda zake. Nikashika njia ya nyumbani. Karibu na kufika nilimfungua mtoto mgongoni, nikamshika mbele yangu, nikasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeonja uji wa moto, "Minza."

Akageuka akanitazama.

Alikuwa tayari analijua. Katika nyumba yetu, asiyelijua nilikuwa mimi peke yangu.

Masanja aliporudi aliketi kwenye kigoda mlangoni, hakuingia. Nadhani alikuwa akisubiri matusi. Nikamwambia, "Minza amelowa. Mshike nimtafutie nguo." Akampokea. Wiki ileile alikwenda Bariadi mjini kwa baiskeli, kwenye duka la nguo la Mzee Salum. Mara mbili alikuwa amenunua pale kitambaa cheupe cha sanda. Mzee alipomwona tu akainuka, bila kuuliza, mkono ukienda kwenye ile nguo nyeupe. Masanja akamwambia, "Hapana, mzee. Leo nataka kanga ya kubebea." Mzee Salum akasema Alhamdulillahi, akaketi chini kwanza kabla ya kumhudumia. Akamfungia na ushanga wa mtoto. "Huu ni wangu kwake," akasema. "Ukija tena, uje naye."

Ningependa kukuambia, mwanangu, kwamba Minza alikua, akasoma, akaolewa, na leo ananisomea Biblia kwa kuwa macho yangu yamechoka. Sitakudanganya. Tulipokuwa tunachuma pamba, mwezi wa sita, alishikwa na homa. Asubuhi tukamweka kwenye baiskeli kumpeleka zahanati, Masanja anasukuma, mimi nimembeba nimekaa nyuma. Jua halijafika utosini, njiani kwenye mchanga, akafa. Nilimwita njia yote. Nilimwita mpaka nikajua kwamba ninayemwita hasikii, na nikaendelea kumwita, na Masanja akaendelea kusukuma.

Uchungu wake ulizidi wa wale wawili. Kumpa jina hakukunipunguzia kitu, kulinizidishia. Lakini ile miezi mitano na siku zake ninayo. Alivyocheka Masanja akipiga mluzi, alivyokamata ushanga wake na kuuvuta, alivyokataa uji wa mtama na kuupenda wa mahindi, vyote ninavyo. Ile mitatu ya kwanza sina. Nikijaribu kuikumbuka sioni uso, naona kitu kilichofunikwa. Hiyo hakuninyang'anya Mungu, wala homa. Niliitupa mwenyewe, na hakuna wa kumdai.

Katika msiba ule Kabula hakuniambia baada ya dhiki faraja. Alikuja na kikapu, akaingia shambani akachuma pamba yangu iliyokuwa inaanguka chini, siku nne, kisha akarudi kwake. Watu watasema huyo ni Kabula tu, Mungu yuko wapi hapo. Sibishani nao. Ninachojua ni hiki: nilipomzika Minza niliamua kuacha kusema na Mungu, na sikuweza. Kila nilipoanza kukasirika nilijikuta namkasirikia yeye, namwambia yeye, kana kwamba yuko palepale nilipomwacha kwenye pamba. Nilimtukana hakuondoka. Nilimnyamazia hakuondoka. Baadaye nilizaa wengine wawili, mmoja yuko Nyashimo na mwingine analima hapahapa, na watu wakasema Mungu amekulipa. Huwa nawakatiza. Mtoto si ng'ombe, huwezi kufidiwa mwingine badala yake.

Aisifuye mvua imemnyea. Mimi iliyoninyea ilikuwa na mawe, na mwaka huu imeninyea tena, maana nyumba haina Masanja na kigoda chake nimekiingiza ndani ili nisikione. Jumapili ya kwanza ya mwaka nilikwenda kanisani. Sikuimba. Walipofika kwenye maombi niliwataja wanne kwa sauti ya chini, Limi, Mabula, Minza, Masanja, na nikamwambia Mungu sijaelewa bado.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni fupi. Usiuingie mwaka kwa kujifanya mzima. Kama una kidonda, mwambie Mungu palipo na kidonda, kwa maneno yako, hata kama ni mabaya. Hataanguka kwenye kiti chake. Asikudanganye mtu kwamba uaminifu wake ni kwamba hutazika tena. Hakuniahidi hivyo, wala sijaona mahali alipokuahidi wewe. Uaminifu wake niliouona mimi ni kwamba sikuwahi kulia mahali ambapo hayupo. Na kile ulichobakiwa nacho, mtoto, mume, mzazi, hata ng'ombe mmoja wa kulimia, usikizike kwa kuwa unaogopa kukizika. Kiite kwa jina lake leo kingali kinasikia. Ukikipoteza kesho utaumia, tena utaumia sana, lakini utakuwa unalilia kitu ulichokuwa nacho.

Mungu akutazame mwaka huu wote, siku za mvua na siku za vumbi. Akupe mtu wa kukufuata nje utakapotoka kwa hasira. Akupe chakula nyumbani, na chakula kikikosekana akupe jirani. Wale uliowazika awashike, na wale ulio nao akuachie. Na usiku ukikulemea, mwanangu, akukute ungali unasema naye.